Hapo Pana Mtu

Nilikuwa Mnyarwanda kamili mpaka siku nilipofika Rwanda.

Karagwe, nilikozaliwa, wenzangu walinikumbusha kila walipoishiwa maneno: wewe Mnyarwanda, rudi kwenu. Hata nafasi yangu ya kidato cha tatu ilipotelea kwenye neno hilohilo. Nikaishia kuuza maandazi kituo cha mabasi, nikijifunza kuwatania makondakta kabla hawajanitania mimi. Basi, mwezi wa nane mwaka 1994 nikarudi kwetu, juu ya lori, katikati ya magodoro na mbuzi wa jirani. Nikashuka Nyamirambo, mtaa wa mji mkuu, nikaenda dukani kununua chumvi, nikafungua mdomo. Mwenye duka akatabasamu: "Ah, wewe wa Tanzania."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilicheka mpaka chumvi ikamwagika. Ningefanya nini kingine?

Shule ya msingi iliyokuwa karibu nasi ilikuwa imebaki na kuta, mabati yenye matundu, na Mwalimu Eustache. Mabenchi mengi yalikuwa yamegeuzwa kuni za kupikia wakati wa vita. Katika darasa la nne yalibaki saba kwa watoto arobaini. Waliokosa walikalia matofali, madumu na makopo ya mafuta ya msaada. Mwalimu Eustache alikuwa amefundisha Bujumbura kwa miaka mingi, akarudi na koti moja na sauti ya watu sita. Aliomba vijana waliofika sekondari waje kila siku saa nane mchana kuwasaidia wadogo "wazoeane". Tulikwenda wawili: mimi, Mutesi, na Clovis, mvulana wa Bujumbura, umri mmoja nami, mwenye viatu vyeusi vilivyochongoka ambavyo alivipangusa kila baada ya hatua kumi. Katika vumbi la Nyamirambo hiyo ni kazi ya kudumu.

Asubuhi Mwalimu alikuwa na namna yake ya kufundisha. Aliwapanga watoto kwa walikotoka. Safu ya dirishani Uganda, ya katikati Burundi, ya mlangoni Tanzania na Zaire. Hesabu aliianza katikati kwa Kifaransa, akahamia dirishani kwa Kiingereza alichookota njiani, akamalizia mlangoni kwa Kinyarwanda na mikono. Mbili mara tatu ilichukua robo saa. Hakuwa na ubaya wa moyo. Alikuwa mtu mmoja mwenye watoto wa nchi nne.

Tatizo lilikuwa Ihirwe.

Ihirwe alikuwa na miaka kumi, kichwa kimenyolewa, sketi ya sare ya zamani ambayo wengine hawakuwa nayo. Ndiye peke yake katika darasa lile aliyesoma hapo kabla ya vita. Wenzake wa zamani walikuwa bado hawajarudi, au walikwenda shule nyingine, au hawakuwa wa kurudi. Hakuwa na safu. Mwalimu alimwambia akae popote, yeye akasimama. Alisimama karibu na benchi la ukutani, ambalo wakati huo lilikaliwa na watoto wanne wa Kampala, akaandika akiwa ameegemeza daftari ukutani. Wiki tatu. Asubuhi alisimama, mchana tulipokuja sisi tukamkuta amesimama.

Mimi nikaona ni maringo. Nikampa jina: Mlinzi. "Mlinzi, funguo za shule ziko wapi?" Watoto wakalidaka jina hilo siku hiyohiyo. Yeye hakukasirika wala hakucheka. Alinitazama tu kama mtu anayengoja mvua iishe.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja nilileta mpira wa matambara. Nilitaka wazoeane kwa nguvu. Sheria ilikuwa rahisi: anayeudaka anasema ametoka wapi na ameacha nini huko.

"Mimi Kampala!" Eddie aliruka. Alikuwa na miaka tisa, na hakuna mlango ambao mdomo wake haukuwahi kufungua. "Tumeacha televisheni. Ya rangi."

"Mliyokuwa mnaitazama dirishani kwa jirani," nilisema.

Darasa likacheka, naye akacheka zaidi ya wote, kwa sababu ilikuwa kweli.

Kitoto kimoja cha Bujumbura kikasema kimeacha kiboko ziwani.

"Alikuwa wako?" Clovis akauliza.

"Nusu."

Mambo yalikwenda vizuri hivyo, na mimi nikawa najipongeza moyoni. Mpira ukaenda ukutani. Ihirwe akaudaka kwa mkono mmoja.

"Haya, Mlinzi," nikasema. "Umetoka wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa."

Kwa kuwa mdomo wangu una tabia ya kutangulia, nikapiga goti kama anayemwangukia mwami, mfalme wa zamani. "Jamani, kumbe mwenye nyumba tunaye! Tumwombe atuonyeshe vyumba."

Wakacheka. Na ndani ya kicheko hichohicho, kwa sauti ya mtoto anayeuliza kama uji umebaki, Eddie akasema:

"Kama ulikuwa hapa, mbona hukufa?"

Sijui kicheko kinakwenda wapi kikikatika ghafla namna ile. Ihirwe aliuweka mpira kwenye ncha ya lile benchi, taratibu, asije akauangusha. Akachukua daftari lake. Akatoka. Hakukimbia. Angekimbia ningejua la kufanya, kwa sababu waliokimbia nimewafukuza wengi.

Jumatano hakuja. Alhamisi asubuhi Mwalimu Eustache akatangaza kwamba Jumatatu orodha ya darasa inakwenda ofisini, na kila jina liwe limeandikwa chini ya safu yake. Mchana Clovis alimuuliza habari za Ihirwe. "Asiye na safu nimwandike wapi, hewani?" Mwalimu alijibu. "Jumatatu achague, au nafasi yake apewe mwingine. Wako sitini nje ya geti wanaoitaka."

Alhamisi ile saa kumi tukaenda kumtafuta. Alikaa kwa Mama Zuhura, fundi cherehani, nyumba yenye baraza ukishuka kutoka msikitini. Tulimkuta mama mwenyewe akishona, mguu mmoja unakanyaga, mwingine umeweka kandambili pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akainua macho. "Wewe iko ya Tanzania."

"Imeandikwa usoni?"

"Hapa nani anasema shikamoo, isipokuwa sisi wazee wa msikiti? Kaa. Na huyu mwenye viatu?"

"Burundi," Clovis alisema mwenyewe, kama anayejisalimisha kwa askari.

"Sawa. Munatafuta nini?"

"Ihirwe, mama."

Cherehani ikasimama. "Juzi alirudi, akafua uniformu, akaanika, akapiga pasi. Akanipatia. Akasema, Mama, patia mutoto mwingine." Akaukata uzi kwa meno. "Mimi nilimushonea ile sketi mwaka jana. Nauliza munamufanya nini, hasemi. Sasa nyinyi museme."

Nikasema. Sikuficha mpira, wala goti, wala Mlinzi. Clovis alijaribu kusema kosa lilikuwa letu sote, nikamwambia anyamaze, viatu vyake havikuwa na hatia.

Mama Zuhura alinisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea matusi, nilikulia kituo cha mabasi, matusi nayaweza. Hakuyatoa. Alisema: "Lile benchi ya ukuta walikuwa wawili. Yeye na Alida, ya nyumba ile ya chini. Tangu darasa ya kwanza. Wanagombana kila siku, huyu amesukuma mukono ya huyu. Kila siku wanarudi pamoja." Akaanza tena kukanyaga. "Ihirwe alipona, kwa sababu alikuwa hapa kwangu, nyuma ya majora ya vitambaa. Alida alikuwa kwao."

Akaupitisha upindo mzima wa sketi chini ya sindano.

Ihirwe alikuwa amesimama mlangoni. Sijui tangu lini.

"Nimekuja kuomba radhi," nikamwambia. "Nilikutania vibaya. Na swali lile ni mimi niliyelifungulia mlango, Eddie akapita tu."

"Nani alikuambia uulize watu wanatoka wapi?"

"Hakuna. Nilidhani ni mchezo. Mimi nimeulizwa hivyo maisha yangu yote, nikazoea."

"Wewe umekuja juzi na lori," Ihirwe alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Nyamirambo, kimenyooka, hakina mapambo. "Huyu amekuja juzi. Mwalimu amekuja juzi. Mimi sikutoka mahali. Nilibaki. Sasa kwa nini mimi ndiyo muniulize?"

Nilitafuta utani mfukoni, kama mtu anayetafuta tikiti mbele ya kondakta. Sikuupata.

"Hukupaswa kuulizwa," nikasema.

"Na ile benchi ni yetu."

"Mwalimu anasema uchague safu ifikapo Jumatatu, la sivyo nafasi inakwenda."

"Sichagui."

"Ukikataa atakutoa."

"Anitoe nikiwa nimekaa kwenye benchi yangu. Siyo nikiwa nimejificha. Nimechoka kujificha." Akamtazama Mama Zuhura haraka, kama aliyesema neno la kumwumiza, mama akatikisa kichwa kwamba haikuumiza. "Lakini siendi kama yule wa Kampala ataniuliza tena. Na utanipatia ile benchi?"

Hapo mtu mwema angeahidi. Mimi nimeahidiwa vitu vingi na watu wema.

"Benchi siwezi kukuahidi," nikamwambia. "Naweza kukuahidi kelele."

Kwa mara ya kwanza midomo yake ilifanya kitu. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa kicheko. "Kelele unaweza," alisema.

Ijumaa saa nane sikuleta mpira. Niliwaketisha watoto nje, kwenye ngazi za shule, nikawaambia habari nzima kwa maneno mafupi: kwamba Ihirwe alikuwa na rafiki, kwamba rafiki ameuawa, kwamba benchi la ukutani lilikuwa lao wawili. Na kwamba kuna swali moja ambalo hakuna mtu katika mji huu atakayemwuliza mwenzake mbele yangu, awe na miaka tisa au tisini.

Eddie alikuwa anakwangua vumbi kwa kidole cha mguu. "Mimi nilitaka kujua tu, Dada Mutesi."

"Najua. Na mimi nilitaka kuchekesha tu. Ona tulivyofanya, wawili tusio na ubaya."

"Sasa nikimwona nimwambie nini?"

"Mwambie habari za asubuhi. Halafu toa makalio yako kwenye benchi lake."

Hilo alilielewa.

Jumatatu asubuhi haikuwa zamu yetu. Tulikwenda hata hivyo, mimi na Clovis, tukasimama nje kwenye dirisha la safu ya Uganda. Mwalimu Eustache alikuwa na daftari kubwa mezani, kalamu mkononi, koti lake limefungwa vifungo vyote. Aliita majina safu kwa safu. Alikuwa amefika Burundi, katikati, wakati Ihirwe alipoingia na sketi yake iliyopigwa pasi. Hakutazama mtu. Akaenda moja kwa moja ukutani.

Eddie alimwona, akasimama kama aliyeumwa na siafu. "Habari za asubuhi," akasema kwa nguvu, darasa zima likageuka. Akawavuta wenzake watatu kwa kola, mmoja baada ya mwingine; wa mwisho aligoma kidogo, akavutwa na sikio. Ihirwe akakaa upande wa kushoto. Akafungua daftari. Upande wa kulia akauacha.

"Eddie, rudi mahali pako," Mwalimu alisema.

"Napenda kopo, Mwalimu." Alikuwa tayari amelikalia kopo la mafuta, akaligonga kwa visigino likalia dum, dum. "Lina sauti nzuri."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Ihirwe. Safu gani?"

"Hii."

"Hiyo ni ya Uganda. Unatoka Uganda?"

"Hapana."

"Basi hapo si pako. Na hata kama pangekuwa pako, benchi moja ni watoto wanne. Hapo upo peke yako, wenzako wako sakafuni."

"Mimi nilisimama wiki tatu, Mwalimu. Sikulalamika."

Clovis alinifinya mkono. Mwalimu alitembea hadi pale, akapiga vidole kwenye ile nafasi tupu ya kulia. "Sogea huku katikati basi, wengine wapate."

"Hapo pana mtu," Ihirwe akasema.

"Nani?"

"Alida."

"Alida yuko wapi?"

Ihirwe aliinua uso. "Mwalimu anajua waliokuwa hapa wako wapi."

Hakusema kwa jeuri. Mwalimu aliondoa mkono wake pale kwenye mbao, nikaona anautazama kama hajui auweke wapi. Lakini alikuwa mbele ya watoto arobaini, na mwalimu mbele ya watoto arobaini ni kama dereva mbele ya abiria: hata akipotea njia hasemi. Akarudi mezani. "Hakuna somo," alisema, kwa Kifaransa, kwa Kiingereza, kisha kwa Kinyarwanda, "mpaka Ihirwe achague safu. Tutangoja."

Wakangoja. Kidogo kidogo darasa lote lilianza kumtazama Ihirwe, na niliyajua macho yale. Ndiyo yanayokufanya uombe msamaha kwa kosa ambalo hukulifanya. Masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika ukingo wa benchi.

Nikaingiza kichwa dirishani.

"Mwalimu, samahani. Mimi naitwa Mutesi, natoka Tanzania, nimekuja kuchagua safu."

"Mutesi, toka."

"Natoka, Mwalimu, ila kwanza unipange. Baba yangu alizaliwa Gahanga, mama Karagwe, na mimi kwa Karagwe ni Mnyarwanda, kwa hapa ni Mtanzania. Nikae mlangoni au barabarani?"

Watoto wakaanza kucheka. Eddie akagonga kopo. Yule wa kiboko, aliyekuwa safu ya katikati, akainua mkono. "Mwalimu, bibi yangu anakaa Zaire. Naweza kukaa mlangoni? Kule kuna hewa." Hakungoja jibu, alikwishachukua tofali lake. Msichana wa safu ya mlangoni akaona nafasi katikati, akaikimbilia, kwa sababu alikuwa ameitamani tangu mwezi wa kumi. Mwingine akasema shangazi yake yuko Kampala. Mwingine hakusema shangazi wala mjomba, alihama tu. Sitadanganya kwamba walikuwa wanapigania haki. Wawili waligombea dumu, mmoja akalia, daftari likakanyagwa. Lakini katika dakika mbili safu za Mwalimu Eustache hazikuwepo tena, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kukaa upande wa kulia wa benchi la ukutani. Walipita pembeni yake wakiwa na matofali vichwani, wakilikwepa kama linalowaka moto.

"Kaeni!" Mwalimu alipiga kelele kwa lugha tatu, na sasa hakujua Kifaransa akielekeze wapi. Aligeukia dirishani akakuta Burundi. Aligeukia mlangoni akakuta Uganda. Akavua miwani. Alikuwa mzee kuliko nilivyodhani.

Ihirwe pekee hakuwa amesogea.

Mwalimu akavaa miwani. Akafungua daftari kubwa, akatafuta ukurasa, akauliza bila kumtazama, kwa Kinyarwanda kitupu: "Nikuandike umetoka wapi?"

"Hapa, Mwalimu."

"Hapa wapi?"

Niliuma ulimi. Lile lilikuwa swali langu.

"Kwenye benchi hii. Darasa la kwanza, la pili, la tatu. Sasa la nne."

Kalamu ikaandika. Iliandika kwa muda mrefu kuliko neno moja linavyohitaji, na hadi leo sijui aliandika nini. Kisha akageukia ubao, akachora mstari, akaanza hesabu, mara moja tu, kwa lugha moja. Kule nyuma waliokulia Kampala waliwauliza majirani zao nini maana ya nini, majirani wakawaambia vibaya, wakaelewana.

Mwisho wa kipindi alitoka, akatukuta ukutani. Alinielekezea kidole.

"Wewe nilikuita uwafundishe adabu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Usikanyage tena darasani kwangu. Asubuhi wala mchana."

"Na benchi, Mwalimu?"

Alishusha kidole. Nyuma yake, kupitia mlango, Ihirwe alikuwa anamwambia Eddie aondoe kopo lake, linamgonga mguu. Eddie alikuwa anabisha. Alikuwa anabishiwa zaidi.

"Benchi si lako," Mwalimu alisema. "Sizungumzi na wewe habari za benchi." Akaingia ndani.

"Ameliacha," nikamwambia Clovis.

"Amekufukuza."

"Vyote viwili. Mwalimu hodari anaweza mambo mawili kwa wakati mmoja."

Clovis aliinama kupangusa viatu, akaghairi. "Sasa watoto saa nane watafundishwa na nani? Mimi peke yangu? Wataniua."

"Leo saa nane, kwenye ngazi. Amesema darasani. Ngazi si darasa."

"Na akitufukuza kwenye ngazi?"

"Clovis," nikamwambia, "umewahi kuutazama mtaa huu? Nyamirambo nzima ni mlima. Afukuze tu, tuone nani atachoka kwanza, yeye au ngazi."